Mashine Imeamka, Waifai Bado Imelala

Katika nyumba yetu ya Chisenga, laptopu ina sheria nyingi kuliko watu. Hakuliwi chakula karibu yake, haiguswi na mkono uliotoka kwenye samaki, haiazimwi hata na ndugu wa damu, na juu ya yote hayo, haizimwi. Sheria hiyo ya mwisho kaitunga mama watoto, mwenye mali. Umeme wetu ni wa jua: paneli juu ya bati, betri chini ya kitanda, na mawingu ya Januari yasiyomhurumia mtu. Kuiwasha laptopu kutoka mwanzo kunakula betri. Kuifunika tu ikalala ni kubana matumizi. Kwa hiyo akimaliza kuandika hesabu za chilimba, upatu wa akina mama wa hapa, mke wangu hushusha kifuniko, taa ndogo ya pembeni huanza kukonyeza, na kuanzia hapo kila anayepita karibu na meza hupita kwa adabu.

Kulala kwa mashine si kuzimika. Kioo hufa, diski hunyamaza, prosesa hupumzika, na kadi ya waifai hukatiwa umeme. Kinachobaki macho hasa ni RAM, ikilishwa umeme kidogo mno ili isisahau ulikuwa umefikia mstari gani. Utaratibu wa nani alale lini na nani aamshwe na nani umeandikwa tangu Desemba 1996, unaitwa ACPI, na karibu kila laptopu duniani inaufuata. Kuufuata ni jambo moja. Kuufuata vizuri ndiko kulikotutoa jasho.

Wasiotufahamu niwaeleze. Chisenga ni kisiwa cha wilaya ya Nchelenge, Zambia, kule Mto Luapula unakoingilia Ziwa Mweru. Ukitazama jua likizama, unaitazama Kongo. Riziki yetu ni chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, na kila mwaka serikali hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi hiyo mitatu nyavu hukaa darini na wanaume hukaa chini ya miembe. Kiswahili nacho hapa si mgeni wa juzi. Msafiri Livingstone alipofika ziwa hili Novemba 1867 na kwenda kwa mfalme Mwata Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Mohamed bin Saleh, aliyekwisha kukaa miaka mingi. Mama mkwe wangu, aliyeuza samaki ng'ambo kwenye Kilwa ya Kongo enzi za usichana wake, anakimwaga Kiswahili cha Katanga bila kupepesa jicho. Mimi mtu wa Kigoma, niliyekuja kufuata dagaa nikaishia kufuata mke, nilipata wa kuongea naye tangu siku ya posa.

Msidhani uvuvi ukifungwa na biashara inafungwa. Hapo ndipo inapopangwa. Wanunuzi wa Kitwe, Ndola na Kasumbalesa huanza kuulizia mzigo wa Machi wakati nyavu bado zinashonwa, na akina mama wa kisiwani wamemfanya mke wangu karani wao. Nani katanguliza pesa, nani kaahidi magunia mangapi, nani mwaka jana alichukua mzigo akapotelea Copperbelt: yote yamo kwenye jedwali moja ndani ya laptopu ile. Jedwali lisipotumwa kwa wakati, lori la mnunuzi linakwenda kupakia kwa watu wengine.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba. Mfumo iliokuja nao ulikwisha kufa kwa virusi vya flashi zilizozunguka mji wote wa Kashikishi, na mpwa wetu anayesoma Kitwe akaufuta akaweka Linux, bure, siku moja ya likizo. Mama mkwe akataka kujua ni mali ya nani. Mpwa akamweleza kwamba iliasisiwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na tangu hapo watu wa dunia nzima wanaichangia. Mimi nikadakia kwamba hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuzitafsiri programu za namna hiyo, kikatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mama mkwe akatusikiliza wote wawili hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Kitu cha kila mtu," akasema, "kikiharibika unamdai nani?"

Hatukuwa na jibu, na swali lile likakaa sebuleni likingoja siku yake.

Siku ikafika bila kupiga hodi. Mama watoto akafunua kifuniko, kioo kikawaka, jedwali likatokea lilivyoachwa, kishale kikipepesa kwenye safu ya Kasumbalesa. Ila ile alama ya waifai pembeni ilikuwa imepauka. Akaibonyeza: orodha ya mitandao tupu. Hata rauta yetu, iliyokuwa dirishani hatua chache kutoka mezani, haikuonekana. Akaivunja sheria yake mwenyewe, akazima, akawasha. Waifai hiyo hapo. Akailaza, akaiamsha. Waifai hamna. Akalirudia zoezi hilo mpaka betri ya chini ya kitanda ikaanza kulia.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mvuvi aliyekuwa hana kazi tangu Desemba, akatoa tathmini yake kutoka kwenye mkeka bila kujisumbua kuinuka, akimwita dada yake yaya. "Yaya, mashini inalamuka, lakini waifai ingali inalala. Njo ile tu."

Alichosema kilikuwa kweli tupu, na hakikumsaidia mtu.

"Basi," akasema mama mkwe, akiweka chini ungo wake, "tunamdai nani?"

Mshitakiwa wa kwanza akawa Kongo. Msicheke, hoja ilikuwepo. Kila mtandao wa simu hutangaza hewani namba ya nchi yake, 645 ikiwa wa Zambia na 630 ikiwa wa Kongo, na simu iliyopoteza mnara wa nyumbani hujishikiza kwenye wa ng'ambo ikiupata. Mtu umekaa kwenye kigoda chako unamenya njugu, mara unapokea ujumbe wa kukukaribisha nchi nyingine. Mama mkwe akashikilia kwamba safari hii Kongo imeimeza waifai nzima. Lakini wakati hukumu inaandaliwa, kifungua mimba wetu alikuwa nje, anaangalia video kwa simu kupitia rauta ileile, anacheka peke yake. Kongo ikaachiwa huru.

Mshitakiwa wa pili wakawa watoto. Laptopu zina kitufe chenye picha ya ndege, ukikigusa kinazima redio zote, na kitinda mimba wetu hajawahi kuona kitufe asikibonyeze. Akaapa kwa jina la bibi yake aliyekuwa amekaa palepale. Kitufe kikabonyezwa na kila mwenye kidole. Hali ikabaki ileile, na mtoto akabaki kwenye orodha ya watuhumiwa, chini ya uangalizi.

Mshitakiwa wa tatu, rauta, alishitakiwa na shemeji, na kesi hiyo ndiyo iliyoleta hasara. Kwa maoni ya shemeji, rauta ilikuwa chini mno. Ikipandishwa paani, juu ya upondo wa kusukumia mtumbwi, itaiona minara ya Nchelenge, na waifai itapata nguvu ya kuishika laptopu hata kama laptopu haitaki. Mke wangu akamwambia kwamba simu za watoto zinaishika bila upondo. Shemeji akajibu kwamba simu ni simu. Mtu aliyekaa bila kazi tangu Desemba huwezi kumzuia kupanda paa.

Chini ya upande ule wa nyumba, mama mkwe alikuwa ameanika makopa. Anayeujua msimu wa mvua wa Luapula anajua maana yake: mihogo imekwisha kulowekwa siku kadhaa, imekamuliwa, imemegwa vipande vyeupe, na inasubiri jua ambalo huja kwa kuibia. Asubuhi hiyo jua lilikuwa limejitokeza, na mkeka mzima ulikuwa umetandazwa. Shemeji akapanda na upondo mkono mmoja, rauta meno yameibana kwenye waya wake. Akasimama juu ya bati, akainua upondo, akauliza, "Sasa?" Mke wangu, ndani, akajibu, "Bado." Akasogea hatua. "Sasa?" "Bado." Akasogea tena, na bati lenye umande halina undugu na mtu.

Hatukusikia ukelele. Tulisikia kishindo laini, kisha kuku. Tulipotoka, shemeji alikuwa amekaa katikati ya mkeka, mweupe hadi nyusi, ameinua rauta juu kwa mkono mmoja ili isilowe. Kuku wa kijiji walikuwa wamefika kabla yetu. Mama mkwe hakumuuliza kama ameumia. Aliinama, akaanza kuokota kipande kimoja kimoja, akapuliza, akakitazama, akakiweka upande wa vinavyolika au upande wa kuku, na kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashitaka akawa anahesabu meda, vipimo vya unga vilivyopotea. Shemeji akataka kusaidia kuokota. Akaambiwa asisogee, kwa sababu kila anaposogea anakanyaga.

Ndani, laptopu iliendelea kuamka bila waifai.

Jioni mke wangu akampigia mpwa. Mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kuondoka, lakini kijana yule ana subira ya mwalimu. Akasikiliza habari ya Kongo, ya kitufe na ya makopa, kisha akasema, "Mama mdogo, acheni kuulizana ninyi kwa ninyi. Iulizeni mashine. Na muanze chini, mpande kidogo kidogo."

Akamfundisha mpangilio. Swali la kwanza kabisa: je, kadi ya waifai ipo? Kuna amri, lspci ikifuatwa na k, inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine na draiva inayokiendesha kila kimoja. Swali la pili: je, imefungwa? Hilo linajibiwa na rfkill, inayosema wazi kama redio imezuiwa na programu au na kitufe. Swali la tatu: msimamizi wa mitandao anasemaje? Kwenye Linux nyingi msimamizi huyo ni NetworkManager, programu iliyozaliwa mwaka 2004, na anaulizwa kwa amri ya nmcli. Ukivuka hapo, unauliza kama mashine imepewa anwani na rauta, kwa sababu anwani hutolewa kwa mkopo wenye muda, na mashine iliyolala sana inaweza kuamka mkopo umekwisha. Halafu unapiga hodi kwa rauta yenyewe. Halafu unapiga hodi nje, kwa anwani ya namba tupu kama 8.8.8.8. Mwisho unauliza kwa jina la tovuti; namba ikijibu na jina lisijibu, mtandao upo, anayekosekana ni mfasiri wa majina. Ngazi unayokwama ndiyo yenye ugonjwa, na hakuna haja ya kugusa zilizo juu yake.

"Wala zilizo juu ya bati," mke wangu akaongeza, akimtazama mdogo wake.

Akaiamsha laptopu, akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaanza chini. Kadi ipo, draiva inatajwa. Imefungwa? Hapana, si na programu wala si na kitufe. Kitinda mimba akafutiwa mashitaka papo hapo na akadai fidia ya pipi. Msimamizi anasemaje? Anasema kifaa cha waifai hakipatikani. Tukakwama ngazi ya tatu. Rauta, Kongo, anga na mizimu ya ziwa, wote walikuwa juu ya hapo, na wote wakatoka kwenye kesi kwa mkupuo mmoja.

"Sasa soma daftari lake," mpwa akasema.

Hapa ndipo mama mkwe alipovuta kigoda karibu. Kwamba mashine ina daftari, na kwamba muda wote ule lilikuwa likiandikwa, hilo lilimgusa. Ni kweli: kila kinachotokea ndani ya Linux, cha maana na cha upuuzi, huandikwa pamoja na saa na dakika yake, na amri ya journalctl hulifungua. Mke wangu akatafuta dakika aliyofunua kifuniko. Ilikuwa hapo, na ya asubuhi ilikuwa hapo, na ya juzi ilikuwa hapo, mstari uleule kila mashine ilipoamshwa, kwa Kiingereza cha mkato: chipu ya waifai imeshindwa kuamka ndani ya mikrosekunde 500.

"Hizo ni ngapi?" mama mkwe akauliza.

Mke wangu, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, akamwambia ni nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mama mkwe akacheka mpaka akajishika kiuno. "Nusu ya elfu! Hata mimi mkiniamsha mkanisemesha kabla sijanawa uso, siwajibu. Mwacheni anawe kwanza!"

Mpwa, aliyekuwa akisikiliza kwenye spika, akakaa kimya kidogo, kisha akasema bibi ametaja dawa. Mashine ikiamka, akaeleza, draiva hugonga mlango wa chipu na kungoja jibu kwa muda huo mfupi. Chipu iliyokuwa imekatiwa umeme inachelewa. Draiva inahesabu kwamba imekufa, inaandika daftarini, inaacha kugonga. Sekunde chache baadaye chipu iko macho kabisa, lakini hakuna tena anayeigonga. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kulikuwa kunaponya: draiva ilikuwa inaanza kazi upya. Kumbe huhitaji kuizima mashine nzima. Iondoe draiva peke yake, uirudishe.

Kuna amri ya hilo, modprobe. Ukiipa alama ya r na jina la draiva, inaitoa. Ukiipa jina peke yake, inairudisha. Mke wangu akaandika ya kwanza, akaweka neno la siri, akaandika ya pili. Tukaitazama ile alama iliyopauka. Ikapepesa, ikajikunja, ikajaa. Kwenye kioo cha laptopu, jumbe za wanunuzi zilizokuwa zimekwama zikaanza kuingia moja juu ya nyingine. Shemeji akapiga makofi, vumbi la muhogo likamtoka.

Lakini karani wa akina mama hawezi kuandika amri mbili na neno la siri kila akitaka kutuma bei. Akataka mashine ijifanyie yenyewe. Mpwa akasema inawezekana: ndani ya mfumo kuna folda inayoitwa system-sleep, na chochote cha kutekelezwa kilichowekwa humo huitwa mara mbili, mara ya kwanza mashine ikienda kulala, ikiambiwa neno pre, na mara ya pili ikiamka, ikiambiwa post. Kinachotakiwa ni skripti ya mistari michache: ukisikia pre, itoe draiva, ukisikia post, uirudishe.

Mistari michache, ndiyo, lakini ilibidi isomwe kwa simu inayokatika, kutoka Kitwe hadi Chisenga. Mpwa anasema mkwaju, ile alama ya kistari kilichoinama, mke wangu anarudia mkwaju, simu inakata, anapiga tena, "Tulikuwa wapi?", "Mkwaju," "Wa kwanza au wa pili?" Daftari la shule lilikuwa limelowa, kwa hiyo kifungua mimba akawa anaandika ukutani jikoni kwa mkaa, herufi kubwa, kila nukta na kila kistari. Jirani aliyekuja kuomba moto alisimama mlangoni akausoma ukuta wote, akatutazama, akaondoka bila moto.

Skripti ikanakiliwa kutoka ukutani hadi kwenye mashine. Laptopu ikalazwa. Ikaamshwa. Waifai hamna.

Mama mkwe akafungua mdomo, na tulijua anataka kuuliza nani adaiwe, lakini mke wangu akamtangulia: akafungua daftari. Skripti haikuwa imetajwa hata kidogo. Akampigia mpwa, kijana akajipiga paji la uso, tukamsikia. Alikuwa amesahau kusema kwamba faili kwenye Linux haliruhusiwi kutekelezwa mpaka lipewe idhini kwa amri ya chmod. Idhini ikatolewa. Ikalazwa, ikaamshwa, alama ikajaa, ikapauka, ikafa. Safari hii daftari lilikuwa na habari: draiva ilirudishwa upesi mno, chipu bado inapikicha macho. Mpwa akasema waongeze mstari mmoja kabla ya kuirudisha draiva, mstari wa kungoja sekunde mbili. Na amri ya kungoja kwenye Linux, kwa Kiingereza chake, ni ileile ya kulala. Dawa ya mashine isiyoamka vizuri ikawa ni kuiambia ilale tena kidogo. Mama mkwe akasema hilo angeweza kutuambia tangu mwanzo.

Tangu jioni ile, kifuniko kikifunuliwa, waifai inakuja yenyewe baada ya sekunde zake mbili. Mpwa alituachia na maneno mengine ya akiba, kwa majirani wenye mashine tofauti. Zipo laptopu ambazo waifai haifi ila inasinzia, kurasa zinafunguka kwa kusuasua; hizo mara nyingi tatizo ni hali ya kubana umeme, na kwenye faili la NetworkManager kuna mstari wa powersave, 3 ikiwa imewashwa, 2 ukitaka kuizima. Zipo laptopu mpya zenye aina mbili za usingizi, mwepesi unaoitwa s2idle na mzito unaoitwa deep, na kuhama kutoka mmoja hadi mwingine wakati mwingine kunatosha. Mke wangu aliyaandika yote, kwenye karatasi, na ukuta ukapakwa chokaa.

Usiku wa kuamkia Machi mosi, kisiwa hakikulala. Nyavu zilikwisha kushuka darini, taa zilikwisha kuchajiwa, mitumbwi imejipanga ufukweni ikingoja saa sita ipite. Mezani kwetu jedwali lilikuwa tayari, bei zimekubaliwa, na wanunuzi walitaka kulipata kabla madereva wao hawajawasha malori. Mke wangu akafunua kifuniko. Sekunde ya kwanza, sekunde ya pili, alama ikajaa. Akabonyeza kutuma.

Haikuenda.

Akina mama waliojaa sebuleni wakaguna. Mmoja akaitaja Kongo. Mke wangu hakugeuka. Akafungua dirisha jeusi, akaanza chini, kwa sauti, kila mtu asikie. Kadi ipo. Haijafungwa. Msimamizi anasema imeunganishwa. Anwani inayo. Rauta? Akapiga hodi, rauta ikajibu bila kuchelewa. Nje? Akapiga hodi 8.8.8.8. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Mashine haina kosa," akasema. "Draiva haina kosa. Tumekwama baada ya rauta." Akafungua ukurasa wa rauta yenyewe, akasoma salio la bando, akasoma mara ya pili. Lilikuwa limekwisha lote. Bando la mwezi, lililonunuliwa kwa pesa ya chilimba.

Mama mkwe akainuka kwenye kigoda polepole. Miezi yote ile alikuwa akiuliza, na hatimaye ngazi ilikuwa imefika kwa mtu. "Hapa," akasema, "yupo wa kudaiwa."

Shemeji alikuwa amejilaza kwenye mkeka, anapata usingizi kidogo kabla ya kushuka ziwani, simu iko kifuani. Akaamshwa kwa mguu.

"Mpeni sekunde mbili anawe uso," mama mkwe akaamuru, na akapewa.

Kisha dada yake akamchukua kwa utaratibu, kuanzia chini. "Simu yako ipo?"

"Iko, yaya."

"Ina chaji?"

"Iko nayo."

"Rauta yetu inaijua?"

Shemeji akatazama akina mama waliojaa chumba kizima, akatazama mlango, akaniona mimi shemeji yake nimesimama hapo. "Inaijua kidogo."

"Jana usiku mechi ilikuwa ya nani?"

"Mi sikuiangalia," akasema shemeji. "Lakini bile bili kwa moja haikukuwa haki, refa alibeba mchezo."

Chumba kikapasuka. Jirani mmoja akatoa vocha aliyoifunga kwenye pindo la kitenge, bando likarudi, jedwali likaenda Kitwe, Ndola na Kasumbalesa kabla ya saa sita. Mke wangu, kabla hajashusha kifuniko, akaongeza mstari mmoja chini ya jedwali: jina la mdogo wake, deni la bando la mwezi, malipo kwa chisense wa usiku wa kwanza. Mama mkwe akamwambia aongeze na makopa, halafu akataka kujua kama jedwali lile linajua kupiga riba.